Mwanza, Tupisheni Tupite: Mambo Kumi Wanayodai Wenye Miguu Yao

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 wilaya ya Nyamagana na 509,687 wilaya ya Ilemela. Hiyo ndiyo Mwanza: zaidi ya watu milioni moja na laki moja, na kila mmoja wao, awe na V8 awe na ndala, humalizia safari kwa miguu yake. Daladala itakushusha kituoni, bajaji itakushusha kwenye kona, boda atakushusha mlangoni. Kuingia ndani utaingia mwenyewe.

Tena tumejaliwa. Katikati ya mji pamebanwa kati ya ziwa na vilima, kwa hiyo stesheni, bandari, kivuko cha Kamanga, Makoroboi, soko kuu na maofisi vyote viko ndani ya mwendo wa kutembea. Miji mingine inamwaga mabilioni kutafuta ukaribu wa namna hiyo. Sisi tumeupata bure, halafu tukauzungushia foleni.

Basi tuhesabu mambo kumi, tukishuka kutoka la kumi hadi la kwanza. Yote yanabebwa na hoja moja: anayepanga mji aanze na mtu anayetembea, gari litafutiwe nafasi baadaye. Tumezoea kinyume chake, ndiyo maana mama mwenye beseni la dagaa kichwani anapenya katikati ya bajaji mbili, na beseni halina kioo cha pembeni.

10. Vibao vya mitaa vinavyosomeka

Hebu soma majina ya barabara za katikati ya mji: Nyerere, Kenyatta, Nkrumah, Lumumba, Rwagasore, Balewa. Bara zima limekutana Mwanza bila nauli. Lumumba wa Kongo na Rwagasore wa Burundi waliuawa mwaka uleule wa 1961. Balewa wa Nigeria akauawa 1966. Mtoto akitumwa sukari anaweza kurudi na sukari pamoja na somo la historia.

Lakini mgeni akiuliza njia anajibiwa: "Nenda mpaka kwenye samaki, kata kulia, ukiona duka la simu uliza tena." Yule samaki wa sanamu pale mzungukoni anafanya kazi ya ofisi nzima ya ramani. Tumpunguzie mzigo. Kila kona iwekwe kibao chenye jina la mtaa, mshale, na dakika za kutembea hadi stesheni, kivukoni na sokoni. Mtu akijua kabla kwamba safari yake ni ya dakika nane, anafunga kamba za viatu na kuondoka. Na Lumumba anastahili zaidi ya kuitwa "pale nyuma ya benki".

9. Kivuli na mahali pa kukaa

Tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na jua la saa saba mchana linakuja bila kubisha hodi. Simama mtaa wowote mjini utazame watu: asubuhi wamejazana upande mmoja, alasiri wote wamehamia upande wa pili. Hakuna aliyetangaza, ni kivuli kimehama nao wakakifuata. Hiyo ni takwimu ya bure kwa ofisi ya mipango miji.

Pandeni miti pande zote mbili, ile yenye mizizi inayoshuka chini badala ya kuinua zege, na chini yake wekeni benchi. Mzee aliyeshuka kutoka kliniki ya Bugando asilazimike kununua soda ili apate haki ya kukaa. Mti hauombi posho, hauchelewi kazini, na kila mwaka unaongeza bidii.

8. Vifuniko vya mitaro

Mwanza ni mji wa miteremko. Mvua ikipiga Bugando na Mabatini, maji yote yanashuka mjini, na Mto Mirongo unayasukuma ziwani huku ukinguruma. Mitaro mikubwa tunaihitaji sana. Shida iko kwenye mfuniko.

Inama uutazame mmoja kwa karibu. Bamba la kwanza la zege lipo na limetulia. La pili limevunjika kona. La tatu halipo, limeondoka na nondo zake. Penye la nne mwenye duka ameweka ubao ili wateja wake wavuke. Mwenye macho ataruka. Asiyeona ataligundua pengo pale fimbo yake itakapogusa hewa.

Mtaro uliofunikwa sawasawa ni njia ya miguu ambayo tumeshailipia tayari: ardhi imepatikana, kazi ya kuchimba imekwisha, mstari umenyooka. Kilichobaki ni mabamba mazito yasiyobebeka kirahisi, yaliyolala usawa mmoja. Watu wa mjini tunataka kutembea. Kuruka viunzi tuwaachie wanariadha, wao wana medali.

7. Taa zinazomulika watu

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Ukisimama mlimani usiku usio na mbalamwezi utaona ziwa limewaka kama mji wa pili. Maana yake dagaa ana taa, na mama anayemuuza sokoni Kirumba Mwaloni anarudi nyumbani gizani.

Mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010 ulituletea lami, mitaro na taa, na tunashukuru. Ila nguzo ndefu humulika katikati ya barabara, mahali ambapo magari yamekuja na taa zao wenyewe. Mwenda kwa miguu yuko pembeni, chini ya mti au nyuma ya kibanda. Taa yake iwe fupi, karibu na njia yake, ili aione sura ya anayekuja mbele. Mwanamke anayefunga genge saa mbili usiku anapimia usalama hapo hapo: kama anaiona sura.

6. Heshima kwa waliofika hapa kwa miguu

Kwenye mnara wa saa kuna kumbukumbu ya John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858. Alitokea Kaze, ndiyo Tabora ya leo, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akarudi huru. Nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba kila kitu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Kabla ya hapo, mizigo mingi iliyoingia mji huu kwa nchi kavu ilikuja juu ya kichwa au bega la mtu.

Kwa hiyo mji huu ulianza na waenda kwa miguu, na tuna sababu ya kutengeneza matembezi ya historia: mnara wa saa, stesheni, Gandhi Hall, hadi jiwe la Bismarck ziwani, njia moja yenye maelezo ya Kiswahili safi. Na humo Bombay atajwe kwa jina. Speke amekwishapata kibao. Wapagazi wapewe njia ya kupita.

5. Ngazi za milimani

Sasa tunaingia kwenye mambo mazito, tuvute pumzi, maana tunapanda.

Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando: sehemu kubwa ya Mwanza inaishi juu ya miamba ambako gari halifiki. Barabara ya huko ni ngazi. Kidato cha kwanza kimechongwa kwenye jiwe lenyewe, cha pili ni mfuko wa saruji ulioganda na mvua, cha tatu ni kizingiti cha nyumba ya mtu, kwa hiyo unapita ukisema hodi. Mama anapanda na ndoo ya lita ishirini, watoto wa shule wanashuka mbio. Na adabu ya mlimani inajulikana: mwenye mzigo ndiye mwenye njia, mtupu husimama ubavuni. Tungekuwa na madereva wenye nusu ya adabu hiyo, ukurasa huu ungekuwa na mambo tisa.

Msiseme mlimani hapapangiki. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, imepandisha mabomba ya majitaka yaliyorahisishwa hadi kwenye makazi ya vilimani, yakipita uani na vichochoroni. Bomba likiweza kupanda, ngazi inaweza. Ipewe vidato vya kimo kimoja, maana mguu hujikwaa pale kidato kinapobadilika ghafla. Ipewe mkono wa chuma wa kushikia, mfereji wa maji pembeni, taa, na kila baada ya vidato kadhaa kituo cha kupumzikia.

Bugando ni hospitali ya rufaa iliyopo kilimani tangu 1971. Anayeipanda kwa miguu mara nyingi ni mgonjwa, au aliyebeba chakula cha mgonjwa. Mhandisi akichora, amchore huyo. Na malighafi hatuagizi Dar es Salaam: TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wameshaonyesha kwamba barabara za mawe zinajengeka hapa. Mawe tunayo mpaka mji umepewa jina la utani kwa ajili yake.

4. Ziwa lirudi mjini

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 68,800, na bado unaweza kuzunguka mjini asubuhi nzima bila kuyagusa maji. Kuna ukuta wa bandari, kuna uzio wa ghala, kuna geti la hoteli na mlinzi anayeuliza unamtafuta nani. Namtafuta ziwa, ndugu yangu. Namwona huko nyuma yako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu za binadamu. Ziwa nalo lilikuja kujitetea lenyewe: Mei 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia kwenye majengo yaliyolisogelea mno. Hapo ndipo njia ya miguu inapoonyesha akili yake. Njia ikilowa, inasubiri ikauke. Nyumba ikilowa, mwenyewe analia.

Watu wa Zanzibar wanajua faida yake. Bustani ya Forodhani ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya 2009, na jioni unakuta hapo bibi, mjukuu, mtalii na muuza mishikaki, wote wakipunga upepo uleule wa bahari. Sisi tuanze na kipande kimoja: Kamanga hadi Capri Point, njia pana isiyo na geti. Huko Capri Point ndiko boti huondokea kwenda Saanane, kisiwa chenye swala na mawe, hifadhi ya taifa tangu 2013. Ni miji michache duniani ambako mtu anaweza kutoka benki, akatembea, akapanda boti kidogo, akawa hifadhini na risiti ya benki bado iko mfukoni.

3. Machinga na mpita njia wapatanishwe

Ugomvi huu umechosha kila mtu. Desemba 2016 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa machinga katikati ya Mwanza. Mwaka 2021, kwa maelekezo ya Rais Samia ya kuwapanga upya, wengi walihamishiwa maeneo kama Mlango Mmoja. Mara zote mbili mjadala ulikuwa wa pande mbili, Serikali na machinga. Mwenda kwa miguu alikuwa hapo hapo, akipita kwa ubavu na mfuko wa unga begani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Lakini hawa wawili ni ndugu. Machinga huenda kwenye miguu mingi; miguu ikihama, na yeye anakunja turubai. Ukimpeleka mahali pasipopita mtu, jioni amerudi, na tusimlaumu, chaja ya simu haijiuzi yenyewe. Kwa hiyo pangeni vyote viwili pamoja. Chora mstari chini. Mita mbili za upande mmoja ni za kupita: zinatosha watu wawili wenye mizigo kupishana, zinatosha kiti cha magurudumu. Upande wa pili ni wa meza, kila meza na namba yake na kipimo chake. Parachichi likivuka mstari, limevunja sheria hata likiwa limeiva vizuri.

Nafasi ya hayo itoke wapi? Itoke kwenye maegesho. Machinga ukimwambia sogea, anasogea na meza yake. Prado iliyopandishwa juu ya njia ya miguu haisikii lugha yoyote.

Majirani wameshajaribu. Kigali ilifunga mtaa mmoja wa katikati ya mji kwa magari mwaka 2015, na 2022 ikaufungua ukiwa umepambwa kwa ajili ya watembeao. Nairobi iliigeuza Luthuli Avenue mwaka 2019 kuwa ya uelekeo mmoja, ikatanua njia za miguu. Sisi tuchague mtaa mmoja tu maeneo ya Makoroboi, tuujaribu, tuhesabu wateja kabla na baada. Wenye maduka watakuwa wa kwanza kuomba mtaa wa pili.

2. Madaraja ya juu yajue mahali pake

Tuna daraja la waenda kwa miguu Mabatini, na tuna la Furahisha lililozinduliwa 2017. Penye barabara pana na magari ya mwendo kasi yanaokoa maisha, na picha za maharusi pale Furahisha zinapendeza. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanza mtu akisema dawa ya kila kivuko mjini ni daraja la juu. Mtazame mteja wake. Mpagazi mwenye gunia begani. Mjamzito wa miezi minane. Mzee mwenye goti linalotabiri mvua kuliko redio. Kijana anayesukuma baiskeli yenye kreti za soda. Hao wote tunawaambia wapande juu, wavuke, washuke, ili dereva aliyekaa kwenye kiti cha sponji asikanyage breki. Mwenye injini ndiye abaki kwenye tambarare, na mwenye magoti ndiye apande? Haiwezekani.

Katikati ya mji, ambako magari yanapaswa kwenda polepole, kivuko kiwe chini na kiinuliwe kidogo: tuta pana, bapa juu, lenye usawa wa njia ya miguu. Mtu anavuka bila kushuka wala kupanda, na gari ndilo linalopanda. Lina nguvu za farasi mia moja, litaweza.

Na asitokee wa kusema nafasi au fedha za njia ya miguu hazipatikani. Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji ya ziwa, na lina njia ya waenda kwa miguu. Kama juu ya maji imepatikana, mtaa wa nchi kavu wenye mita mia tatu haukosi.

1. Gari lisimame

Tumefika. La kwanza ni la bei nafuu kuliko yote na ndilo gumu kuliko yote: mtu akikanyaga zebra, gari lisimame.

Tufanye hesabu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa kuwa kikomo penye makazi. Kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, akashtuka, mguu ukahama kutoka mafuta kwenda breki, sekunde moja imekwisha na mita 14 zimeliwa kabla breki haijaguswa. Kwa kilometa 30, mita zilizoliwa ni kama 8. Na nguvu ya kugonga haipandi polepole: gari la kilometa 50 hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Ndiyo sababu mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba penye mchanganyiko wa magari na watu, kikomo kiwe 30. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wanaokufa barabarani ulimwenguni alikuwa anatembea kwa miguu. Alikuwa anakwenda tu.

Dawa yake tumeshaiona hapa hapa Tanzania. Dar es Salaam, shirika la Amend liliendesha mpango wa SARSAI kwenye shule: matuta, vivuko, njia za miguu, geti la shule likahamishiwa upande salama. Mpango huo, uliosambaa hadi nchi nyingine za Afrika, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Tuzo ya kimataifa kwa matuta, rangi na geti! Wanafunzi wetu wanaonyanyua kibao cha SIMAMA asubuhi wanafanya kazi ya watu wazima. Tuta lisaidie, maana lenyewe haliendi darasani.

Kwa hiyo madai ni haya. Kikomo cha 30 mitaa yote ya katikati. Rangi ya zebra ipakwe tena kabla haijafutika. Trafiki asimame kwenye kivuko kama anavyosimama kwenye ukaguzi. Na tujue pa kupeleka madai: barabara kuu kama Nyerere na Kenyatta ziko chini ya TANROADS, na mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, taja kona yako kwa jina, taja saa ambayo watoto wanavuka, na usikubali muhtasari ufungwe kabla hayo hayajaandikwa.

Na wewe dereva, iwe una Hiace, bajaji au bodaboda: hili la kwanza halingoji bajeti wala mkandarasi. Unaweza kulianza leo, kwenye zebra ya kwanza utakayoikuta. Simama. Wakipita wote, endelea na safari yako, ziwa halihami.